Aliacha Wanga Mchana, Akaula Usiku: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Moshi

Mhusika ni dada wa miaka 34, mama wa watoto wawili, mwenye duka dogo la vifaa vya shule na kutoa kopi hapa Moshi mjini. Kwao ni Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Ameniruhusu niandike kisa chake kwa sharti kwamba nigeuze mambo mawili matatu asije akatambulika, nami nimegeuza. Upande wa chakula sijageuza kitu.

Hakuja kwangu kwa sababu ya uzito. Alikuja Januari, shule zilipofunguliwa, kwa ajili ya binti yake wa darasa la nne aliyeanza kusukuma ugali pembeni mwa sahani na kula mboga tu. Akiulizwa, anasema ameshiba. Jioni moja akamwuliza mama yake, "Mama, na mimi nina nyama uzembe?" Mtoto wa miaka tisa, mbavu unazihesabu. Nyumbani hakuna aliyekaa chini kumfundisha hilo. Aliliokota mezani wakati wa chai ya asubuhi, kwenye ujumbe wa sauti uliokuwa ukifunguliwa kila siku kwenye simu ya mama.

"Dokta," akaniambia (mimi si daktari, ni mtu wa lishe, lakini hapa kwetu yeyote mwenye mizani na daftari huitwa dokta), "mimi wakinisema nimezoea. Ila huyu mtoto nimemfanya nini?"

Ikabidi tuanze na mama.

Kundi

Julai ya mwaka uliotangulia mdogo wake alikuwa anakaribia sherehe ya kuagwa kabla ya ndoa. Sare za ndugu zikakatwa, fundi akampima, akamwambia kiunoni kitambaa hakitoshi. Jirani wa fremu ya pili akamwunganisha na kundi la WhatsApp lenye chalenji ya siku 21. Unalipa ada, unapewa orodha, unamtii kocha.

Orodha nimeiona. Marufuku: ugali, wali, ndizi za aina zote, viazi, mihogo, magimbi, chapati, maandazi, uji, maharage, kunde, na matunda yote isipokuwa parachichi na limau. Ruhusa: mayai, nyama, kuku, samaki, siagi, mboga za majani. Kila alfajiri, kabla hujanywa hata maji, unapanda mizani, unapiga picha, unatuma kundini. Mstari wa mwisho uliandikwa kwa herufi kubwa: WANGA NI SUMU.

Hebu fikiria kupewa orodha hiyo ukiwa umezaliwa mlimani. Ukiondoa ndizi na maharage, jiko la Kibosho linabaki na nini? Kiburu hakuna. Mtori hakuna. Machalari inabaki nyama inayoelea.

Alianza akiwa na kilo 78, urefu sentimita 160. Siku za mwanzo kichwa kilimgonga, miguu ikawa haina nguvu, akadhani malaria. Akaenda zahanati kupima, hakuna malaria. Kocha akamwambia mwili unajisafisha. Wiki ya kwanza ilipoisha mizani ilisoma 74.5. Kundi zima likampigia makofi ya emoji.

Hapa inabidi tupige hesabu, maana kisa chote kimesimama juu ya hizo kilo tatu na nusu. Mwili huhifadhi wanga kidogo wa akiba, unaoitwa glaikojeni: kwa mtu mzima ni kama gramu 100 kwenye ini na kama gramu 400 kwenye misuli. Kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Karibu kilo mbili zimeondoka na hujagusa mafuta. Zaidi ya hapo, insulini, homoni inayopanda ukila wanga, ikishuka figo huachia chumvi nyingi, na chumvi huondoka na maji. Kile kichwa kilikuwa upungufu wa chumvi na maji. Hakuna kilichokuwa kinasafishwa.

Sasa upande wa mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya kalori kama 7,700. Mwanamke wa umbo lake hutumia kalori kama 2,000 kwa siku. Hata angefunga kabisa siku saba, asitie chochote mdomoni, angefikisha upungufu wa kalori 14,000, yaani mafuta yasiyofika kilo mbili. Na yeye hakufunga, alikuwa anakula mayai na parachichi. Kwa hiyo zile kilo tatu na nusu haziwezi kuwa mafuta zote, wala kukaribia. Kuna mafuta kiasi yaliyopungua, sikatai. Sehemu kubwa ilikuwa maji.

Hili nimelirefusha kwa sababu ndilo lililomfunga. Mtu aliyeona mizani ikishuka hivyo kwa siku saba haambiliki. Na siku maji yatakaporudi, ataamini ni mafuta.

Yalirudi siku ya sherehe. Alivaa sare ikamkaa, akala pilau, akala ndizi, akanywa soda mbili na shangazi zake. Asubuhi mizani ikapanda karibu kilo mbili. Hakuna binadamu anayetengeneza kilo mbili za mafuta kwa sahani moja ya pilau. Akiba ilikuwa inajazwa upya, na maji yake. Lakini alituma picha kama alivyoagizwa, na kocha akaweka ujumbe wa sauti kwa kundi zima: kuna watu jana wamejisaliti. Akajiadhibu kwa siku mbili za maji ya limau.

Usiku

Usiku wa siku ya pili, saa sita, aliamka akaenda jikoni.

Nilimwomba anieleze taratibu, bila haraka. Taa hakuwasha, alitumia tochi ya simu. Alianza na ukoko wa wali kwenye sufuria iliyokuwa imelowekwa, akaubandua kwa kucha ili kijiko kisipige kelele. Akahamia kwenye kiporo cha ugali na maharage ya baridi. Akamaliza na biskuti za mtoto za kubeba shuleni, pakiti nzima, amesimama, mgongo ukiwa umeegemea mlango. Karatasi ya pakiti akaikunja ndogo na kuizika chini ya maganda ya viazi kwenye ndoo ya taka. Kulipokucha akawahi dukani kununua pakiti nyingine kabla mtoto hajafungua kabati.

Kuanzia Agosti mpaka Januari hali hiyo ilimpata usiku tatu, wakati mwingine nne, kwa wiki. Kila Jumatatu alianza upya. Alipojieleza kundini, kocha alimpa jina la tatizo: una uraibu wa wanga. Naye akaliamini, maana mbona mayai hakuyafuata usiku?

Swali zuri, na linastahili jibu. Mwaka 1944, vita vikiendelea, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wa kiume wenye afya, waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa wiki 24 mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwalisha upya watu wa Ulaya waliokuwa na njaa. Vijana wale waliingiwa na wazimu wa chakula. Walisoma vitabu vya mapishi kama riwaya, walilamba sahani, waliota wanakula. Wengine waliiba. Na chakula kiliporudishwa, baadhi walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema njaa haijaisha.

Sasa angalia walikuwa wakilishwa nini: viazi, mkate, makaroni, kabeji. Wanga mtupu! Hawakunyimwa wanga, walinyimwa chakula cha kutosha, na dalili zao ni zile zile za dada yetu: mawazo yote yako jikoni, aibu, kuficha, kufakamia. Mwenye njaa ya muda mrefu hukimbilia kile kinachompa nguvu upesi na alichokatazwa, na nyumbani kwake hicho kilikuwa ukoko na biskuti. Kama angekatazwa mayai na kuachiwa ugali kidogo kidogo, nadhani ningeandika hapa habari za mayai.

Tukaichora siku yake kwa saa. Anaamka saa kumi na moja, chai ya tangawizi bila kitu. Anafungua duka saa mbili. Saa nane mayai mawili na nusu parachichi. Saa moja jioni anafunga, anapanda daladala, anawapikia watoto ugali asioula, anajipakulia mchicha na kipande cha kuku. Saa tatu amelala. Mtu anayesimama kwenye mashine ya kopi siku nzima kwa chakula hicho, saa sita usiku atakwenda wapi?

Nilimwuliza pia maswali ambayo hayapendezi: anajitapisha? anatumia dawa za kuharisha? Hapana kwa yote mawili. Angejibu ndiyo, ningempeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Hata hivyo kufakamia namna hiyo, unahisi huwezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, tayari ni hali inayotambulika kitabibu, na yeye alikuwa amepita hapo mbali. Nikamwandikia aonane na mwanasaikolojia. Alikwenda mara mbili, akasema inatosha. Ningependa angeendelea.

Alichosema kocha cha kweli

Nisije nikaonekana namtukana. Sahani zetu nyingi zina kasoro anayoisema. Mama lishe wa karibu na duka la huyu dada anapakua wali kwa bakuli, anaushindilia, anaupindua sahanini, kisha mchicha kijiko kimoja na maharage ya kulowanisha tu. Chai ina vijiko vitatu vya sukari. Soda ya kawaida ya mililita 350 inabeba gramu kama 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu wa kalori 2,000, na ikishuka chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe pe imeacha nyuzinyuzi zake mashineni. Na uzito wa dada huyu haukuwa jambo la kupuuzwa: presha yake ilisoma 138 kwa 88.

Na kupunguza wanga kunawasaidia watu. Haikuanza na WhatsApp pia; mwaka 1863 mwandaaji mazishi wa London, William Banting, alitangaza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Ila utafiti wa Stanford uliotolewa mwaka 2018, chini ya Christopher Gardner, uliwagawa watu wazima 609: nusu wapunguze wanga, nusu wapunguze mafuta, wote wale mboga nyingi na vyakula visivyokobolewa. Baada ya miezi 12 walipungua wastani wa kilo 6.0 na 5.3, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua sana na walioongezeka. Kwangu mimi hilo lina maana moja: chagua njia utakayoiweza na watu unaokula nao.

Kosa la orodha ni kutia vyote kapu moja. Maharage yaliyoiva, gramu 100, yana protini kama gramu 9 na nyuzinyuzi kama 6. Ukiyaweka kapu moja na soda umeacha kufikiri.

Na orodha haimjui anayeisoma. Dada aliituma kwa shangazi yake wa Himo, mwenye kisukari, kwa nia njema kabisa. Shangazi akaacha ugali, vidonge vya glibenklamaidi akaendelea kumeza kama kawaida. Vidonge hivyo hulazimisha kongosho litoe insulini, umekula hujala. Asubuhi moja akiwa shambani alianza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anaongea ovyo. Jirani mwenye akili akamnywesha chai ya sukari nyingi. Kipimo zahanatini, baada ya chai, kilisoma 3.4, chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka. Mwenye kisukari anaweza kupunguza wanga, na wengine hufanikiwa sana, ila dozi hurekebishwa na daktari kwanza.

Desemba, Kibosho

Krismasi ilimkuta bado anaanza upya kila Jumatatu. Alipanda mlimani na watoto, na mayai ya kuchemsha kwenye hotipoti. Mama yake alikuwa amekata mkungu wa mshare tangu jana yake.

"Mwanangu, hizi ndizi zimekukosea nini? Ulipokuwa mzazi ulikuwa unalilia mtori, mimi naamka usiku nakupondea."

"Mama, ni dokta amenikataza."

Uongo huo ulimtokea puani. Mama akaamini mwanawe ni mgonjwa, akamweleza wifi, wifi akaeleza wengine, na kwetu mtu aliyekataa chakula halafu anasemekana amekatazwa na dokta hukisiwa magonjwa ambayo hayatajwi kwa sauti. Shangazi wawili walikuja kumtazama. Mmoja alimwombea.

Usiku alikwenda jikoni kwa mama. Kifuniko cha sufuria kikalia.

"Nani huko? Paka?"

"Ni mimi mama, natafuta maji."

Alinisimulia hili akicheka, kisha akafuta macho. Nami nikaona kwamba wanga kwake ulikuwa umeshavuka lishe. Alikuwa anamkataa mama yake mezani na kumwibia jikoni, usiku ule ule mmoja.

Tulichofanya

Sikumpa orodha nyingine. Mizani ilikwenda kukaa kwa wifi yake. Kazi ya kwanza ilikuwa kula kabla ya saa tatu asubuhi, na hapo alinigomea kweli kweli. Aliona nampeleka kwenye kilo mia. Alianza na bakuli la mtori pale karibu na stendi, mara chache kwa wiki, siku nyingine uji wa ulezi wenye karanga. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili usiku ukapungua.

Mchana alimwambia mama lishe, "Wali punguza nusu, niongezee maharage na mchicha." Mama lishe akamwuliza kama ana mgeni. Bei ile ile. Jioni ugali wa dona, mnafu na dagaa, sahani moja na ya watoto, amekaa.

Kisha vile alivyoviogopa. Tuliviandika kuanzia cha nafuu mpaka cha kutisha: viazi vitamu, ndizi, wali, biskuti, na mwisho kabisa chapati. Kimoja kimoja kilirudi mezani, mchana, mbele za watu, kikiwa na mboga na kitu cha protini. Chapati ilirudi Jumapili moja na njegere. Alikula nne, akanitumia ujumbe kwamba nimemwangamiza. Nikamjibu zipike tena Jumapili ijayo. Ilichukua muda mpaka akawa anakula mbili na kuacha, kwa sababu alijua zitakuwepo tena. Katikati ya hapo aliongezeka kilo, na kidogo aniache.

Kwa binti tulifanya machache. Ujumbe wa kocha haufunguliwi tena mezani, na hakuna chakula kinachoitwa sumu wala mtu anayesemwa "amejiharibu" kwa kula. Hakulazimishwa kumaliza sahani. Alipoona mama yake anamega ugali, akamega.

Januari alikuwa na kilo 79, moja zaidi ya alipoanza chalenji. Agosti ana 77. Kiuno kimepungua sentimita nne, presha imesoma 128 kwa 82; soda ameacha na anatembea kutoka dukani mpaka nyumbani siku zisizo na mvua. Fundi ameitanua ile sare kwa kipande cha kitambaa kingine ubavuni. Kwa vipimo vya kundi, huyu amefeli.

Usiku haujaisha kabisa. Bado humtokea mara moja au mbili kwa mwezi, na tulipoangalia tarehe zikawa zile zile: siku za kulipa kodi ya fremu, na siku ambazo baba watoto, dereva wa lori, hajatuma kitu. Hapo hata ndizi za mkungu mzima hazitatibu. Tumekubaliana mwezi ujao aje na daftari la mauzo badala ya daftari la chakula, na nimemwomba ajaribu tena kwa mwanasaikolojia. Hajasema ndiyo.